Dhambi Zilizotoswa Kilindini

Tafakari ya Juma
Somo: Mika 7:18–20



Nabii Mika anakimaliza kitabu chake tofauti na alivyokianza. Sura baada ya sura amewakemea wakubwa wanaopora mashamba ya wanyonge, waamuzi wanaokula rushwa na manabii wanaohubiri kwa kuangalia mfuko. Mwishoni anageuka, anamsifu Mungu asiye na mfano katika kusamehe, na kusema kwamba Mungu huyo atayakanyaga maovu ya watu wake na kuzitosa dhambi zao zote chini kabisa baharini. Mika alikuwa mtu wa Moresheti, huko kwenye vilima vya Yuda. Hakuwa mvuvi wala nahodha. Kwake kilindi kilikuwa mwisho wa habari: kilichozama huko hakirudi. Hata leo Wayahudi wengi, wanapouadhimisha Mwaka wao Mpya, huenda kando ya mto au bahari wakayasoma maneno hayo wakiomba rehema.

Nasi tunayahubiri hivyo hivyo. Dhambi imezama, imepotea, kwisha kazi. Lakini kwa miaka mia moja na hamsini sasa watu wamekuwa wakishusha kamba na mabomba mpaka sakafu ya bahari kuu, na wanayoyaleta juu yanaweza kumtia mashaka Mkristo anayeitegemea aya hii. Wanatuambia kwamba kilindi hakipotezi vitu. Kinavitunza.

Tuanzie hapo, kwa sababu swali hili halikwepeki: kama bahari inatunza kumbukumbu, Mungu anatufariji vipi kwa kuziweka dhambi zetu huko?

Kilindi kinachotunza

Desemba 1872 meli ya Waingereza iitwayo Challenger iling'oa nanga Portsmouth, ikazunguka bahari za dunia hadi Mei 1876. Kila iliposimama, mabaharia walishusha kamba yenye uzito mkubwa, wakangoja ifike chini, kisha wakaivuta kwa saa nyingi ili wapate konzi ya tope. Kijana mmoja wa msafara huo, John Murray, aliyachukua matope hayo kwa uzito ambao wenzake hawakuwa nao. Mwaka 1891 yeye na Mbelgiji Alphonse Renard walitoa kitabu kikubwa kilichoyapanga mashapo ya bahari kuu kwa aina zake na asili yake, na wataalamu wa leo bado wanatembea katika njia waliyoichonga.

Asili hizo ni nne. Ya kwanza ni nchi kavu: mito inashusha udongo, upepo unapeperusha vumbi la majangwa, volkano zinarusha majivu, na vipande vya barafu kutoka nchi za ncha vinabeba mawe na kuyadondosha baharini vinapoyeyuka. Ya pili ni uhai wenyewe, magamba ya viumbe wadogo wanaoelea karibu na uso wa maji. Ya tatu ni maji ya bahari, ambayo madini yaliyoyeyuka ndani yake hujitenga na kuganda chini. Ya nne ni mbingu: Murray alipitisha sumaku katika tope la kilindini akaokota vijitufe vidogo vya chuma, akatambua kuwa vimetoka angani, mabaki ya vimondo vilivyoungua.

Tope lililoenea kuliko yote katika bahari kuu ni lile la asili ya pili. Linafunika karibu nusu ya sakafu yake. Likikauka ni jeupe na laini, ungeweza kudhani ni unga wa chaki. Chini ya hadubini unga huo unakuwa nyumba. Kila punje ni gamba la kiumbe aitwaye foraminifera, mwenye upana wa nusu milimita au pungufu. Amejenga chumba kimoja cha duara, alipokua akaongeza cha pili kikubwa zaidi, kisha cha tatu, vimeshikamana kwa mzunguko, na ukuta wote umejaa matundu madogo ambamo alipitishia nyuzi za mwili wake ili kunasa chakula. Katikati ya nyumba hizo kuna vijisahani vidogo mno vya chokaa kutoka kwa mimea ya baharini isiyoonekana kwa macho.

Vijisahani hivyo vinafikaje chini? Kimoja kikizama peke yake kingechukua miaka mingi, na mikondo ingekipeleka mbali kabisa na kwao. Njia yake halisi ni ya unyonge. Vidudu vya baharini vinaila mimea ile, na vijisahani vinatoka pamoja na kinyesi chao vikiwa vimefungwa katika vijibonge vizito, ambavyo huzama hadi sakafuni kwa siku au wiki kadhaa. Ndiyo maana tope la chini linafanana na maisha ya maji yaliyo juu yake. Hata kinyesi cha mdudu kina kazi katika hazina ya Mungu.

Na hazina hiyo ina kumbukumbu kali. Volkano za Ethiopia zilipolipuka mamilioni ya miaka iliyopita, majivu yalitua bonde la Ziwa Turkana, kwenye tabaka zilizohifadhi mifupa ya kale, na majivu yale yale yakaanguka baharini. Wachunguzi wa matope ya Ghuba ya Aden wameyatambua kwa mchanganyiko wa kemikali zake, majivu ya mlipuko mmoja yakiwa nchi kavu na kilindini. Mwaka 1976 wanasayansi Hays, Imbrie na Shackleton walichapisha matokeo ya kuchunguza mashapo kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi, yenye historia ya miaka 450,000. Katika magamba yale madogo walisoma jinsi barafu ya dunia ilivyokuwa ikiongezeka na kupungua, kwa kufuata mabadiliko ya mzunguko wa dunia kulizunguka jua.

Hata wakazi wa Kilwa wanatembea juu ya daftari la namna hiyo. Udongo mzito ulio chini ya Pande, Masoko, Kivinje na Nangurukuru ulikuwa tope la bahari, mamia ya mita chini ya maji, kabla ya ardhi kuinuka. Ulipochimbwa na watafiti mwanzoni mwa miaka ya 2000, magamba ya foraminifera yalitoka yakipitisha nuru kama siku yalipoundwa, mengine yakiwa na umri wa miaka zaidi ya milioni 34. Udongo ule usiopitisha maji ulikuwa umeyafunika, ukayalinda.

Basi swali letu limezidi uzito. Kama gamba la nusu milimita linatunzwa kwa miaka milioni 34, hasira niliyomwagia mwanangu jana imekwenda wapi?

Mpaka wa chokaa

Ukizidi kushuka katika bahari kuu, tope jeupe linakufuata hadi mita 4,000 na zaidi. Vilele vya milima iliyo chini ya maji vimefunikwa nalo. Kisha, kwenye mita 4,500 hivi, pengine juu kidogo na pengine chini zaidi, weupe unakoma. Anayekitazama kilele cha Kibo kutoka Moshi anaona theluji juu, mwamba mtupu chini, na mpaka kati yake. Bahari nayo ina mpaka wa namna hiyo.

Sababu yake ni maji yenyewe. Huko chini ni baridi, yanabanwa na uzito wa maji yote yaliyo juu, na yamebeba hewa ukaa nyingi. Maji ya namna hiyo huila chokaa. Magamba yanaendelea kunyesha kutoka juu usiku na mchana, lakini chini ya mpaka ule yanayeyuka upesi kuliko yanavyorundikana. Kinachobaki ni udongo wa rangi ya hudhurungi: vumbi lililosafiri kwa upepo, majivu ya volkano, na vile vijitufe vya angani. Unaongezeka taratibu mno, milimita moja hivi kwa miaka elfu, mara nyingi hata pungufu. Kwa kadirio hilo, tangu Mika ahubiri, yapata miaka 2,700 iliyopita, haujafikisha milimita tatu.

Sitaki kumfanya Mika mwanakemia. Hakujua lolote kuhusu chokaa na mita 4,500. Lakini picha aliyopewa na Roho ilikuwa pana kuliko alivyoweza kuona kutoka vilima vya Yuda. Kilindi kina sehemu mbili. Katika ya juu, kila kilichoanguka kimeandikwa. Katika ya chini, gamba linalofika halifukiwi wala halifichwi. Linayeyuka. Ukishusha bomba huko kulitafuta, hulipati, kwa sababu halipo tena.

Huo ndio msamaha wa Mungu. Wengi wetu tunadhani ametusamehe lakini faili letu bado analo, limewekwa kabatini kwa siku tutakayokosea tena. Tunaungama dhambi ile ile kila mwezi, tukiamini kwamba mara zote zilizopita ilifunikwa tu. Mika anasema habari nyingine. Kwanza Mungu anayakanyaga maovu, yaani anayatazama usoni na kuyashinda, hapuuzi chochote. Kisha anayatosa mahali ambapo hata yeye aliyeyatosa hakusudii kuyaopoa.

Na chokaa ile iliyoyeyuka haipotei bure. Inabaki ndani ya maji. Mikondo ya chini huizungusha kwa mamia ya miaka mpaka ipande tena kwenye mwanga, na huko kiumbe mwingine anaichukua na kujengea nyumba mpya. Ndivyo neema inavyotenda kwa mtu. Bidii aliyotumia Sauli kuwaburuta waumini gerezani ndiyo aliyotembea nayo Paulo kutoka mji hadi mji akihubiri. Mungu alimwondolea uovu, bidii akamwachia.

Kina kifupi

Tatizo letu ni kwamba sisi wenyewe hatuendi mbali hivyo. Tunazitosa dhambi pwani.

Bahari iliyo kati ya Unguja na bara ni ya kina kifupi. Miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda kuwa barafu, usawa wa bahari ulishuka kwa mita 120 hivi na mlango ule wote ukawa nchi kavu. Chochote kilichokuwa kimezama humo kilianikwa juani. Pemba, iliyotengwa na bara kwa kilindi cha mamia ya mita, iliendelea kuzungukwa na maji.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Januari 2020. Mto Kongo ulikuwa umetoka kwenye mafuriko makubwa kuliko yaliyoonekana kwa miongo mingi. Mdomoni mwake kuna korongo kubwa la chini ya bahari linaloanzia ndani kabisa ya mlango wa mto, na kwenye kichwa cha korongo hilo mchanga na tope vilikuwa vimerundikana. Juu maji yalionekana ya kawaida. Ghafla rundo lile likaporomoka, likawa mto wa tope chini ya bahari, likakimbia zaidi ya kilomita 1,100 hadi kwenye kina cha zaidi ya mita 4,500, likiongeza kasi kadiri lilivyokwenda. Njiani likaikata mikongo ya mawasiliano ya SAT-3 na WACS, na intaneti ikasuasua katika nchi nyingi za Afrika. Watu wengi waliolalamikia simu zao siku hizo hawakujua kwamba chanzo ni tope lililotulia mahali pasipo pake.

Familia nyingi zina tope kama hilo. Kaka mkubwa aliuza shamba la marehemu baba bila kuwashirikisha wadogo zake. Kikao cha ukoo kikaitwa, wazee wakasema yaliyopita si ndwele tugange yajayo, pilau ikaliwa, watu wakapeana mikono. Lakini kaka hakuulizwa chochote, hakukiri chochote, na wadogo hawakupewa nafasi ya kusema walivyoumia. Miaka inapita, maji yanaonekana shwari. Siku ya msiba mwingine, au mchango wa harusi, neno moja dogo linaporomosha kila kitu. Simu hazipokelewi, kundi la WhatsApp la familia linanyamaza, watoto wa ndugu wanakua bila kujuana. Mawasiliano yamekatika, na atakayeulizwa chanzo atataja lile neno dogo.

Methali ile ya ndwele ni nzuri kwa yaliyokwisha kugangwa. Kwa yasiyogangwa, wazee walituachia nyingine: mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Mfalme Daudi aliijua ladha yake. Katika Zaburi ya 32 anaeleza jinsi kunyamaza kulivyomkausha mwili mpaka alipofungua kinywa na kukiri. Hakuna njia ya mkato kuelekea kilindini. Kukiri ndiyo njia yenyewe, na kwa aliyedhulumu mali kuna hatua nyingine pamoja nayo. Zakayo alipomkaribisha Yesu nyumbani kwake alitaja mwenyewe, bila kuulizwa, kiasi atakachorudisha.

Jino la papa

Lipo jambo moja ambalo msamaha haupaswi kulifunika, na sakafu ya bahari inalisema vizuri. Katika udongo ule wa hudhurungi, mahali ambapo kila gamba limeyeyuka, Challenger ilivuta meno ya papa kwa mamia. Nyama imekwisha, gegedu la papa limekwisha, meno yapo. Hayakuumbwa kwa chokaa ile ya magamba, na maji ya kilindini hayawezi kuyayeyusha kwa urahisi.

Mungu anayeyusha hatia ya aliyekosa. Alama ya meno kwa aliyeumwa ni jambo lingine. Mama aliyepigwa na mumewe kwa miaka, binti aliyedhulumiwa na mtu aliyemwamini, kijana aliyelelewa kwa matusi: hao tusiwaendee na aya ya Mika mkononi tukiwaambia wasahau kwa kuwa Mungu amesahau. Wala tusimwambie mama arudi kupigwa kwa jina la msamaha. Yesu mwenyewe, alipofufuka na kushinda dhambi yote, alimwonyesha Tomaso mikono yenye alama.

Lakini yako mengine kuhusu jino hilo. Madini ya manganizi na chuma yaliyoyeyuka katika maji ya bahari hupenda kuganda juu ya kitu kigumu kilicholala sakafuni. Yanaanza na ngozi nyembamba juu ya jino, tabaka linafuata tabaka, milimita chache kwa kila miaka milioni, mpaka linakuwa bonge jeusi la kujaza kiganja. Mabonge hayo yametapakaa kwenye maeneo makubwa ya Bahari ya Pasifiki, na kampuni zinayatamani kwa ajili ya nikeli, kobalti na shaba iliyomo. Likipasuliwa, linaonyesha pete juu ya pete, na mara nyingine katikati kabisa linaonekana jino dogo.

Kinyongo kinakua hivyo. Kiini chake ni kidogo na ni cha kweli: uliumwa. Hakuna anayekulaumu kwa hilo. Lakini kila mwaka tunaongeza tabaka. Aliyetukosea haji kwenye sherehe, tabaka. Anafanikiwa biashara, tabaka. Mtoto wake anafanana naye, tabaka. Mwishoni tunabeba bonge ambalo jino lenyewe ni sehemu yake ndogo kabisa, na sisi wenyewe ndio tuliolinenepesha. Kumwachia Mungu hakumaanishi kulikana jino. Kunamaanisha kuacha kuongeza tabaka leo, na kesho tena kuacha, hata kama jino bado linaonekana.

Kwa juma hili

Nawaomba kila mmoja achague jambo moja tu. Kama kuna dhambi uliyokwisha kuiungama kwa kweli na bado unaiungama tena kila wiki, juma hili mshukuru Mungu kwa ajili yake badala ya kuomba tena msamaha. Kama kuna jambo ulilolifukia pwani, mtafute uliyemkosea, umwambie kwa kinywa chako, na kama ulichukua mali yake nenda na mpango wa kuirudisha. Kama wewe ndiye uliyeumizwa, mtafute mtu mmoja anayetunza siri, mchungaji, mzee wa kanisa au rafiki, umwonyeshe jino lenyewe bila matabaka. Na sote tuache kufukua makaburi: mwenzetu aliyetubu akasamehewa asisikie tena habari zake vijiweni wala kwenye vikao vya kwaya.

Mungu wa Mika hakuahidi kuzitosa baadhi ya dhambi. Aliahidi zote, na hakumwachia mtu yeyote kazi ya kwenda kuzivua.

Tuombe

Ee Bwana, uliyeumba bahari na vyote vilivyo chini yake, unaijua idadi ya magamba yaliyolala huko na unayajua maovu yetu yote. Tupe ujasiri wa kuyaleta kwako bila kuyapunguza. Tunapokiri, tusaidie kuamini kwamba umeyayeyusha. Waliodhulumiwa uwape haki na watu wa kuwasikiliza. Waliodhulumu uwape moyo wa kurudisha. Ututoe katika uvivu wa kupatana kwa midomo, utufundishe amani iliyopitia kweli, majumbani mwetu, katika koo zetu na kanisani mwako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.